Kiu ya Mshindi

Samsoni alipoitupa taya ya punda iliyokuwa mkononi mwake, hakuna adui aliyebaki amesimama mbele yake, naye alikuwa karibu kufa. Jeraha halitajwi. Kinachotajwa katika sura ya 15 ya kitabu cha Waamuzi ni kiu. Wafilisti elfu moja wamelala chini, kamba mbili mpya alizofungwa zimekatika kama nyuzi za kitani zilizopitiwa na moto, na mtu mwenye nguvu kuliko wote katika Israeli anaogopa kwamba atakufa kwa kukosa maji ya kunywa.

Habari za Samsoni tulilishwa tangu shule ya Jumapili, na karibu kila mara mwalimu aliruka kutoka kwenye taya ya punda hadi kwenye mapaja ya Delila. Katikati ipo mistari miwili isiyopata mahubiri mengi. Haina damu, haina nywele, haina mwanamke mjanja. Ina mtu aliyeshinda, akachoka hadi akaona kifo, akamlilia Mungu, akapewa maji. Naamini mistari hiyo inatufaa kuliko sura yote iliyobaki. Wengi wetu hatutawahi kukabili jeshi tukiwa na mfupa mkononi, lakini tutamaliza jambo kubwa, tutapigiwa vigelegele, kisha tutaamka siku ya pili hatuna hata nguvu ya kusema Baba Yetu.

Sura ile inafunguka katika siku za mavuno ya ngano. Katika nchi ile ngano huvunwa mwezi wa tano na wa sita, mvua zikiwa zimekatika tangu mwezi wa nne, na hazitarajiwi tena hadi karibu na mwezi wa kumi. Vijito vingi vinavyoshuka kutoka milima ya Yuda kwenda kwenye tambarare ya Wafilisti huwa vimebaki mchanga na mawe. Samsoni alikuwa ametolewa kwenye ufa wa mwamba wa Etamu alikojificha, akafungwa, akapelekwa hadi Lehi, akapigana peke yake. Kiu yake ilikuwa ya mwili: midomo imepasuka, ulimi umeshika kwenye kaakaa, kichwa kinazunguka. Nalisema hili mapema kwa sababu tuna haraka ya kuyageuza maji ya Biblia kuwa mafumbo. Kabla hayajawa mfano wa Roho au wa Neno, maji ya Lehi yalikuwa maji. Mungu alimwona mtumishi wake anakauka, akapasua ardhi ili anywe.

Kabla ya kiu kulikuwa na shairi. Vita vilipokwisha tu Samsoni alijitungia tungo fupi ya kujisifu, akichezea maneno ya punda na ya malundo ya maiti, na ndani ya tungo hiyo mtendaji ni mmoja, yeye mwenyewe. Silaha inatajwa. Idadi ya waliokufa inatajwa. Mungu hatajwi. Akaitupa taya, akapabandika mahali pale jina la silaha yake, Ramath-lehi. Kisha kiu ikamshika, na kinywa kilekile kikaanza kusema na Mungu. Sasa habari imegeuka: wokovu huu mkubwa umeutoa wewe, mimi ni mtumishi ambaye mkono wake ulitumika. Vita ni vilevile, maiti ni zilezile, saa haijasogea sana. Kilichoongezeka ni ukavu wa koo.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Uchovu unaomwangukia mtu baada ya kufanikiwa tumezoea kuuhesabu kama kasoro. Wengine husema imani yake imepungua. Wengine husema ni shetani analipiza kisasi, akemewe. Wapo wanaoona aibu hata kuutaja, maana nani atamwonea huruma mtu aliyetoka kushinda? Mimi naiona kiu ile kuwa rehema, na naiona kubwa kuliko ushindi uliotangulia. Ushindi ulimwacha Samsoni akiimba juu ya mkono wake. Kiu ndiyo iliyomwonyesha mkono ulikopata nguvu. Angemaliza vita akiwa mzima, mbichi, tayari kwa vita vingine, sijui kama jina la Bwana lingetoka kinywani mwake siku ile.

Sala yenyewe haina uzuri wowote. Haina utangulizi wa sifa, haina utulivu. Nusu yake ni shukrani na nusu ni lawama, kama mtoto anayemuuliza baba yake iwapo alimvusha mto wote ule ili aje kumwacha ukingoni. Anamkumbusha Mungu kwamba akifa sasa, wasiotahiriwa watamwokota. Ni sala ya mtu asiye na nguvu ya kupanga maneno. Nimeirudia mara nyingi kwa sababu tumefundishwa kwamba baada ya mafanikio inafaa ibada ya shukrani yenye mpangilio: neno la utangulizi, kwaya, sadaka, picha ya pamoja. Hiyo ni njema na ina nafasi yake. Lakini moyo uliochoka hauwezi daima kuifikia. Samsoni alileta alichokuwa nacho, malalamiko na kiu, na hakuna mahali Mungu anapomwambia arudi akajipange. Maji yalitoka, akanywa, roho yake ikamrudia, na chemchemi ile ikabaki na jina la yule aliyeita. Mahali pamoja pakapata kumbukumbu mbili, moja ya silaha na moja ya kilio, na msimulizi anasema kwamba mpaka siku zake chemchemi bado ilikuwepo Lehi.

Kuna watu ambao sura ile inawasahau ghafla, na kusahaulika kwao kunaniuma. Waliomfunga Samsoni na kumpeleka kwa Wafilisti walikuwa ndugu zake, watu 3,000 wa Yuda. Walikuja kwenye mwamba wa Etamu wakimlaumu kwamba anawachokoza watawala wao. Baada ya vita, hao elfu tatu wako wapi? Hakuna hata mmoja anayetajwa kuleta kibuyu. Watu walikuwepo wa kutosha kumfunga, hawakuwepo wa kumnywesha. Naijua hali hiyo, na msomaji wangu naye anaijua. Mtu akiwa na kazi mikononi simu hazikatiki, kila mmoja ana la kumwagiza. Kazi ikikamilika na ikapendeza, watu humpongeza na kuondoka, kwa kuwa aliyeshinda hadhaniwi kuwa na shida.

Kitabu hichohicho kina kisa kingine cha namna hii, kichungu zaidi. Gideoni na watu wake 300 walikuwa wamewatawanya Wamidiani usiku, kwa tarumbeta na mitungi, ushindi ambao hata askari wa kulipwa hawezi kuueleza. Wakavuka Yordani wakiwafuatia wafalme wawili, Zeba na Salmuna. Msimulizi anasema walikuwa wamechoka na bado wakifuatia. Walipofika Sukothi, Gideoni hakuomba askari wala dhahabu. Aliomba mikate kwa ajili ya watu wake. Wakuu wa mji wakamuuliza kama tayari amewakamata hao wafalme, hata wampe chakula. Penueli nao wakajibu hivyohivyo. Baadaye Gideoni alirudi akawaadhibu kwa ukatili, akawachapa wazee wa Sukothi kwa miiba na kuubomoa mnara wa Penueli, na wahubiri hukaa sana kwenye adhabu hiyo. Mimi hukaa kwenye mikate. Miji ile iliona mbele ya macho yake watu waliokuwa wakiikomboa, wenye njaa, ikapiga hesabu kwanza.

Ukirudi nyuma hadi Mwanzo 14 utaona mtu mwingine aliyefanya kinyume chake. Abramu alikuwa ametoka na watu 318 wa nyumbani mwake kumwokoa Lutu mpwa wake, akawafukuza wafalme wanne mpaka kaskazini ya Dameski. Alipokuwa anarudi, Melkizedeki mfalme wa Salemu alimtokea njiani akiwa na mkate na divai. Hakumuuliza hesabu ya mateka. Alimlisha, akambariki, akamwambia ni Mungu Aliye Juu aliyewatia adui mikononi mwake. Nadhani ndiyo maana Abramu aliweza, muda mfupi baadaye, kuikataa mali ya mfalme wa Sodoma hata uzi wa kiatu. Mtu aliyekwisha kulishwa kwa mkono wa Mungu haponzwi kirahisi na karamu ya Sodoma. Mshindi mwenye njaa asiyeletewa mkate na yeyote atakula kitakachotangulia kumfikia: sifa, pombe, fedha ya haraka, kazi nyingine kubwa kuliko ya kwanza. Na bado sura inayofuata inamkuta Abramu huyohuyo akiambiwa asiogope, naye anamjibu Mungu kwa uchungu kwamba hana mtoto, atapewa nini. Vita vimekwisha, mkate ameula, na hofu imekuja.

Watu wetu wanaijua hekima hii, ila wameiweka mahali pamoja tu. Mwanamke akijifungua salama, hakuna anayemwambia kwamba shughuli imekwisha, sasa ajitegemee. Pwani atawekwa ndani siku arobaini, atakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, ataletewa uji wa pilipili manga. Uchagani atapikiwa mtori, na mama mkwe atasimama mlangoni kuwapunguza wageni. Hongera anapewa na pole anapewa, zote mbili kwa pumzi moja, na hakuna anayeona ajabu kwamba aliyepata baraka kubwa kuliko zote hawezi kuinuka kitandani. Wanaomhudumia wanajua kwamba furaha ilitoka mwilini mwake na imeondoka na kitu. Sasa mchukue mchungaji aliyemaliza mkutano wa injili wa juma zima, au mwalimu mkuu ambaye shule yake imefaulisha kwa mara ya kwanza, au kijana aliyesomesha wadogo zake wote hadi wa mwisho akavaa joho. Hawa tunawapa hongera peke yake. Pole tumeiweka akiba kwa ajili ya misiba.

Niliwahi kukaa katika kamati ya ujenzi wa kanisa pamoja na mama mmoja aliyekuwa mhazini wetu. Aliibeba kazi ile miaka mingi, kuanzia harambee za mabati hadi kugombana na mafundi juu ya saruji. Siku ya kuweka wakfu alivaa kitenge kipya, akasoma taarifa ya fedha bila kutetemeka, na waumini wote walisimama kumshangilia. Majuma yaliyofuata hakuonekana. Zahanati walimpima malaria, wakampima sukari na presha, hawakuona kitu. Tulipokwenda kumwona alituambia anaingia katika kanisa lile alilolijenga, anakaa kwenye benchi, anafungua mdomo aombe, na hakuna kinachotoka. Mzee mmoja akamwambia, kwa nia njema kabisa, "Mama, si tumemaliza? Sasa ni wakati wa kufurahi." Nilimwona jinsi neno hilo lilivyomzidishia mzigo.

Waliomsaidia ni wanawake wawili wa jumuiya yake. Walihamia kwake kwa zamu. Mmoja alipika na kufua, mwingine alimsindikiza shambani asubuhi, polepole, bila ajenda. Jioni waliomba wao, kwa sauti, naye akalala akiwasikiliza. Hawakumdai sala. Nilijifunza kwao kwamba kumtegemea Mungu wakati wa uchovu kunaweza kuwa ni kukubali wenzako wakuombee huku wewe umefumba macho, na kwamba chemchemi hupasuka pia kupitia jirani aliyekuja na sufuria. Alirudi kuomba, mwanzoni maneno machache tu. Uhazini hakuurudia, na hakuna aliyemlaumu.

Sipendi kuufanya uchovu huu uonekane kuwa jambo la watu wa dini au la Waafrika peke yao. Buzz Aldrin alikuwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri katika jimbo la Texas. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Eagle kilipokwisha kutua mwezini na kabla hajatoka nje, alikula mkate kidogo na kunywa divai aliyoibeba kutoka duniani, akashiriki Meza ya Bwana mahali ambapo hakuna mwanadamu aliyewahi kufika. Ni vigumu kufikiri mtu aliyemkumbuka Mungu mbali zaidi ya hapo. Waliporudi, yeye na wenzake wawili walizungushwa dunia kushangiliwa, hadi Kinshasa walifika. Miaka michache baadaye alikuwa amezama katika sonona na pombe. Aliandika mwenyewe juu ya hilo, katika kitabu kilichotoka mwaka 1973, wakati mashujaa wa aina yake hawakutarajiwa kusema mambo hayo. Kilichomshinda hakikuwa safari. Kilichomshinda kilikuwa ni kuamka akiwa amekwisha kuifanya. Ilikuwa mwaka 1978 alipoacha pombe, kwa msaada wa tiba na wa wenzake waliokuwa wakipambana na pombe kama yeye.

Mfano wa Aldrin hunirudia ninaposikia ikisemwa kwamba mtu akianza jambo kwa maombi basi amelimaliza kwa usalama. Tuna mifungo ya kutafuta ushindi, mikesha ya kuomba mlango ufunguke, sadaka za kuanzia mradi. Sala za kabla tunazijua vizuri mno. Sala ya baada ndiyo tusiyofundishwa.

Jirani zangu Waislamu wameihifadhi vizuri kuliko sisi. Mtoto wa madrasa, kuanzia Lamu hadi Kilwa, hukariri Juzuu Amma akiwa bado mdogo, na ndani yake ipo sura fupi ya aya tatu, An-Nasr, ya 110. Inazungumzia siku ambayo nusura ya Mwenyezi Mungu na ushindi vimefika, na watu wanaingia katika dini makundi kwa makundi. Msomaji anayeisikia kwa mara ya kwanza atategemea amri ya kusherehekea. Amri inayokuja ni kumtakasa Mola kwa sifa zake na kumwomba msamaha. Msamaha, katika siku ya kushinda! Sheikh mmoja alinieleza kwamba swala yenyewe inafuata njia hiyohiyo: mtu akishatoa salamu, amemaliza ibada iliyo bora kuliko zote, jambo la kwanza ulimini ni kuleta istighfari, yaani kuomba msamaha. Na katika juzuu hiyohiyo, Sura ya Inshirahi inamalizia kwa kumwelekeza aliyekwisha pata faragha asimame tena kwa juhudi na ageuze shauku yake kwa Mola wake. Mimi ni Mkristo, na ninaposoma aya hizo naona jambo ambalo Samsoni alilipata kwa kukauka koo: kwamba kumaliza ni wakati wa hatari, na kwamba aliyemaliza anahitaji kurudi kwa aliyempa nguvu kabla hajakaa chini kuhesabu alichofanya.

Eliya sitamsahau, ingawa yeye amehubiriwa vya kutosha. Alishinda Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, akaiombea nchi mvua ikanyesha, akakimbia mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli. Tishio moja la Yezebeli likamwangusha chini ya mretemu jangwani, anaomba kufa. Ninachotaka kitazamwe ni mpangilio wa huduma aliyopewa. Alilala. Akaamshwa ale mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya mtungini. Akalala tena, akaamshwa tena, akala tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko yeye. Mazungumzo juu ya kazi, makosa na mrithi yalikuja Horebu, baada ya siku arobaini. Mungu alikuwa na mengi ya kumwambia Eliya na hakumwambia lolote zito akiwa na njaa. Viongozi wa makanisa wanaoitisha kikao cha tathmini Jumatatu asubuhi baada ya mkutano wa Jumapili wangeisoma sura hiyo ya 19 ya Wafalme wa Kwanza kabla ya kusambaza ujumbe wa kikao.

Narudi kwa Samsoni, kwa kuwa habari yake haikuishia kwenye maji. Baada ya Lehi msimulizi anasema aliwaamua Israeli miaka 20. Katika miaka yote hiyo hatuandikiwi sala yake hata moja. Tunamkuta Gaza kwa kahaba, tunamkuta akibeba malango ya mji mabegani, tunamkuta kwa Delila, na Mungu haitwi. Sala ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho, inatoka kati ya nguzo mbili, macho yakiwa yameng'olewa, akiomba akumbukwe mara hii moja tu. Chemchemi ya Lehi ilikuwa ingali pale, si mbali sana, inatiririka. Hatusomi kwamba aliirudia.

Hilo linanihuzunisha kuliko nywele zake. Nguvu zilimrudia siku ile baada ya kunywa, na labda zilimrudia vizuri kupita kiasi, hata hakuhisi tena kwamba zinatoka mahali. Gideoni alifanana naye. Kabla ya vita alikuwa mtu wa kuuliza: aliomba ishara ya umande kwenye ngozi ya kondoo, akaiomba mara ya pili kwa namna nyingine, akashuka usiku kusikiliza ndoto ya adui ili aamini. Baada ya vita watu walimtaka awe mtawala wao, akajibu vizuri kabisa kwamba Bwana ndiye atakayewatawala. Kisha akaomba herini za nyara, zikafika shekeli 1,700 za dhahabu, akatengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, na kuiweka mjini kwake Ofra, na Israeli wote wakapotea kwa kuiendea. Jibu lilikuwa sahihi, mkono ukaenda kwingine. Hatusomi kwamba kwa habari ya dhahabu ile aliuliza neno, yeye aliyeuliza juu ya umande.

Kwa hiyo sidhani kwamba kuhuishwa na Mungu ni tukio la kuhitimisha uchovu ili tuendelee na nguvu zetu kama zamani. Nguvu zinazorudi baada ya kunywa ni za kukopa, kama zilivyokuwa za kwanza, na kinachomweka mtu salama ni kuujua mkopo. Mtu aliyewahi kukauka kweli, akanyweshwa, ana faida moja ambayo mzima hana: anaijua njia ya kisimani. Akiwa na busara ataipita kabla kiu haijamrudia.

Yesu aliwafundisha wanafunzi wake jambo hili katika Marko 6, na sioni likielezwa vizuri zaidi mahali pengine. Thenashara walikuwa wamerudi kutoka kwenye kazi yao ya kwanza, wametoa pepo, wameponya wagonjwa, wamejaa habari za kusimulia. Watu walikuwa wengi wakiingia na kutoka, hata hapakuwa na nafasi ya kula. Akawaambia waende faraghani wakapumzike kidogo. Mapumziko yenyewe yalikuwa mafupi kama safari ya mashua, kwa sababu umati ulizunguka kwa miguu ukawatangulia. Walipofika ng'ambo kazi ilikuwa inawasubiri, na jioni wakaambiwa wao wawape watu chakula, wao ambao asubuhi walikosa hata muda wa kula. Wanaume waliokula walikuwa 5,000, na vipande vilivyobaki vikajaza vikapu 12. Mitume walikuwa kumi na wawili. Kila mmoja aliweza kushika kikapu chake.

Kisha angalia alichofanya Yesu mwenyewe, jioni ileile ya mafanikio makubwa ambayo Yohana anasema watu walitaka kumshika wamfanye mfalme. Aliwahimiza wanafunzi wapande mashuani waondoke kwanza, labda kwa sababu sifa za umati zilikuwa zimeanza kuwapanda kichwani pia. Akauaga umati. Halafu akapanda mlimani peke yake kuomba. Kama Mwana wa Mungu baada ya kulisha watu elfu tano aliona inafaa kuagana na wanaomshangilia ili akawe na Baba yake, mwenyekiti wa kamati ya jubilei hana sababu ya kubaki kwenye viti vya mbele hadi muziki uzimwe.

Mwaka huu makanisa mengi yatakuwa na jubilei, uzinduzi, mahafali na mikutano ya injili, na kamati zimekwisha kuanza kukaa. Nimeona bajeti za namna hiyo: turubai, vipaza sauti, chakula cha wageni, usafiri wa askofu, fulana za kwaya. Naziomba kamati hizo ziongeze fungu moja la juma linalofuata, liandikwe kwa majina. Nani atampikia mhazini. Nani atashika mimbari Jumapili ya pili ili mchungaji akae nyuma na familia yake, asikilize Neno likisomwa na mtu mwingine. Nani atawatembelea walimu wa kwaya bila kuwaletea ratiba ya tamasha lijalo. Fedha yake haitafika hata nusu ya ile ya turubai.